Liendeshe Kwanza, Ndipo Ulipake Rangi

Gari la michezo linaweza kununuliwa likiwa bado vipande. Mnunuzi hupokea chesisi ya mabomba ya chuma, mabati ya alumini yaliyokwisha kukatwa, bodi ya faiba, na maboksi ya vipuri kuanzia pedali hadi taa. Injini na giaboksi mara nyingi hujitafutia mwenyewe, kisha huviunganisha vyote nyumbani, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Umbo linalopendwa mno katika biashara hii ni la Cobra, gari lililozaliwa mwaka 1962 pale Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas aliyewahi kuwa dereva wa mashindano, alipotia injini ya Ford ya silinda nane ndani ya gari jepesi la kampuni ya Kiingereza ya AC Cars. Mwaka 1965 likafuata toleo lenye injini ya lita 7 na madigadi yaliyovimba, na hilo ndilo hasa linaloigwa. Magari ya asili leo yamo mikononi mwa matajiri na makumbusho. Nakala ni za mwalimu, fundi umeme au mstaafu mwenye gereji, akiba na subira, na kampuni kama Factory Five Racing ya Wareham, Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1995, imejijengea jina kwa kuuza seti za namna hiyo.

Ajabu ni kwamba watu hawa, wanaothubutu kufunga injini na kuvuta nyaya zote za umeme peke yao, huingiwa na woga wakifika kwenye bodi. Injini ina kitabu: nati fulani ikazwe kwa nguvu fulani, mwanya wa plagi uwe kiasi fulani, na ukifuata maandishi inawaka. Bodi haina kitabu cha namna hiyo. Ndiyo maana imejengeka imani kwamba rangi nzuri ni kipaji, kwamba kuna mikono iliyojaliwa na isiyojaliwa. Mimi sioni hivyo. Rangi nyingi zinazoharibika kwenye magari ya kujiundia haziharibiwi na mkono usiojua kupuliza, bali na mfuatano mbaya wa kazi: msasa umetangulia usafi, mwanya umepimwa kabla mpira haujawekwa, rangi imetangulia tundu ambalo lazima litobolewe. Na katika mfuatano unaofaa kuna hatua moja inayowashangaza wengi. Gari likamilishwe lote, liingie barabarani likiwa halina rangi, liendeshwe vya kutosha, ndipo bodi ianze kuandaliwa, kisha gari livuliwe tena ili lipakwe.

Sababu zinaanzia kwenye kitu chenyewe kinachopakwa. Faiba si ngeni kwa watu wa pwani yetu, maana boti nyingi za uvuvi na za watalii zimetengenezwa nayo: nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini, na rezini ikachanganywa na hadina ili igande. Kwenye magari ilipata heshima mwaka 1953 Chevrolet walipotoa Corvette. Bodi ya faiba hutengenezwa kinyumenyume. Fundi huanza na ngozi ya nje. Huipaka kalibu nta ili kitu kisigande, hupuliza jelikoti, yaani tabaka jembamba la rezini lenye rangi, kisha juu yake hulaza mikeka ya nyuzi za kioo. Bodi ikitolewa kwenye kalibu, kilichotangulia kuwekwa ndicho kinachotazama jua, na kinatoka na mabaki ya ile nta. Hapo kosa la kwanza linasubiri. Mtu hukimbilia msasa kwa kuwa msasa ndio kazi inayoonekana kama kazi. Lakini msasa hauondoi nta. Huisukuma ndani ya mikwaruzo unayoichimba, na miezi kadhaa baadaye rangi ikipulizwa hujikunyata na kuacha vijishimo vya duara mfano wa macho ya samaki. Kupangusa bodi nzima kwa kiyeyushi cha nta na mafuta, kwa kitambaa safi kinachobadilishwa mara kwa mara, huku kitambaa cha pili kikikausha nyuma yake, ni kazi fupi sana ikilinganishwa na madhara inayoyazuia. Tatizo ni kwamba inafaa ikifanywa mwanzoni tu. Ukishapiga msasa, umechelewa.

Kosa la pili limefichwa ndani ya umbo la Cobra lenyewe. Ubavu wake unavimba, unashuka, kisha unarudi ndani, kwa hiyo bodi haiwezi kuchomoka katika kalibu ya kipande kimoja. Kalibu hugawanywa, na vipande vyake vinapokutana hubaki mshono ulioinuka kidogo, unaopita juu ya madigadi na pembeni mwa gari. Asiyejua huusugua mpaka ulingane na sehemu nyingine, huona pamelainika, akaendelea na mengine. Chini ya mshono, hata hivyo, mara nyingi kuna viputo vya hewa au rezini tupu isiyo na nyuzi, maana mikeka ya kioo haikai vizuri kwenye pembe nyembamba. Kinachotakiwa ni kuufungua kwa msasa mkali, namba 36 au 80, hadi nyuzi zionekane. Kuutanua uwe mfereji mpana wenye kingo za mteremko. Kisha kuujaza kwa kijazio chenye nyuzi za kioo au gundi ya rezini iliyokusudiwa kwa faiba. Fundi bodi aliyezoea magari ya chuma hushawishika kutumia pati yake ya kila siku, na kwenye chuma pati hiyo haina kosa. Kwenye mshono wa faiba hutanuka na kusinyaa kwa kiwango tofauti na kilichoizunguka. Siku ya jua kali mstari hafifu hujitokeza chini ya rangi iliyogharimu fedha nyingi, na hakuna kung'arisha kunakoufuta.

Hapo suala la muda linajileta lenyewe. Rezini ya poliesta hupungua ujazo inapoganda, kwa kati ya asilimia 5 na 10, na upungufu huo hauishi wote siku bodi inapotoka kiwandani. Sehemu kubwa hutokea palepale. Kiasi kidogo huendelea kwa majuma mengi, na joto hukiharakisha. Rezini za kawaida za aina hii huanza kulegea zikifika katika jirani ya nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi, na bodi yenye rangi nyeusi iliyoachwa juani yaweza kupita nyuzi 70. Yaani gari jeusi likiegeshwa mchana kutwa nje linapikwa upya. Rezini iliyokuwa haijamaliza kukaza inamalizia kazi yake hapo, inasinyaa kuzunguka nyuzi, na ule mfumo wa nyuzi unaanza kusomeka juu ya uso uliokuwa laini. Hali hii haikwepeki kabisa, ila inaweza kulazimishwa itokee mapema. Bodi iliyopitisha kiangazi kizima juani ikiwa na jelikoti yake tupu inakuwa imeshatoa karibu yote iliyokuwa nayo, na kila kilichojitokeza kitasuguliwa bila hasara. Ukitaka gari jeusi au la buluu nzito, subira hii haina mbadala. Anayetaka jeupe anasamehewa mengi.

Kungekuwa na hoja ya rezini peke yake, mtu angeweza kuianika bodi uani huku chesisi ikiendelea kuundwa gerejini, na mambo yakaisha. Kuendesha kuna faida nyingine. Gari lililosimama halisemi ukweli kuhusu nafasi zake. Injini ya silinda nane imekaa juu ya mipira, na dereva akikanyaga mafuta hujipinda upande mmoja. Ekzosi za Cobra hutokea ubavuni kupitia tundu la bodi, kwa hiyo mabomba nayo husogea, na tundu lililoonekana pana gari likiwa limezimwa laweza kugusa bomba la moto gari likiwa kazini. Magurudumu yakikatwa hadi mwisho, na springi zikabanwa na shimo la barabara, ndipo utakapojua kama tairi linagusa ndani ya digadi. Kichujio cha hewa kinaweza kuipiga boneti kwa chini. Nguzo za kioo cha mbele hupenya kwenye bodi, vyuma vya kumkinga dereva gari likipinduka hupenya, mdomo wa tangi la mafuta hupenya. Kila kimoja kati ya hivi kina tundu lake, na kila tundu huenda likahitaji kuongezwa milimita mbili baada ya kilomita mia za kwanza. Kuikata jelikoti tupu ni jambo la dakika chache na msasa kidogo. Kukata bodi iliyokwisha kupakwa rangi ni kumrudia fundi rangi ukiwa umeinamisha kichwa.

Waingereza wana sababu ya ziada, na hiyo ni ya kisheria. Tangu mwaka 2009 gari la kujiundia huko hupita ukaguzi uitwao IVA kabla ya kusajiliwa, na mkaguzi hutazama, pamoja na mambo mengine mengi, kingo za nje ambazo zingeweza kumchana mtembea kwa miguu: kwa jumla zinatakiwa ziwe na mviringo wa nusu kipenyo usiopungua milimita 2.5. Digadi, tundu la taa au kingo ya boneti ikikataliwa, lazima isuguliwe au ijengwe upya. Aliyepeleka gari likiwa na jelikoti hurudi nyumbani na orodha ya marekebisho. Aliyelipeleka likiwa linang'aa hurudi na orodha hiyohiyo, pamoja na gharama ya kupaka tena.

Baada ya barabara, kabla ya kuvua chochote, ndipo ifanyike kazi ninayoiona kuwa moyo wa shughuli nzima: mianya. Mtu asiyejua lolote kuhusu magari, akisimama mbele ya gari, jicho lake husoma nafasi kati ya mlango na bodi, kati ya boneti na madigadi. Nafasi ikiwa sawa toka juu hadi chini, gari linaonekana limetengenezwa. Ikianza na milimita 3 na kuishia na 8, linaonekana limeunganishwa. Katika seti nyingi za Cobra bawaba za milango hufungwa kwenye chuma cha chesisi, ilhali nafasi ya kukaa mlango imo katika bodi ya faiba. Mwanya kwa hiyo si sifa ya mlango wala ya bodi. Unategemea namna viwili hivyo vilivyokaa siku ile, na kikisogea kimoja umeharibika. Kati ya bodi na mabati ya alumini hukaa ukanda wa mpira wa kuzuia maji na kelele. Mpira huo huisukuma bodi juu. Wengi huuacha uje kuwekwa mwishoni kabisa, kwa kuwa unaonekana kuwa pambo la kumalizia, nao hupima mianya kwa uangalifu mkubwa juu ya bodi ambayo haijasukumwa. Wakimaliza rangi na kuuweka mpira, milango yote inaanza kugusa. Vivyo hivyo kwa vitasa na mipira ya milango. Kila kitakachosukuma, kuvuta au kulemea bodi gari likiwa limekamilika kinatakiwa kiwe mahali pake siku mianya inapopimwa, na gari lisimame juu ya magurudumu yake, si juu ya stendi.

Kipimo kinacholengwa na wengi ni karibu milimita 5, na kijiti cha unene huo, kikipitishwa kuzunguka mlango mzima, kinatoa majibu bora kuliko macho. Lakini praima na rangi zina unene wake, na zinajikusanya kwenye kingo za pande zote mbili, hivyo ni busara kuacha nafasi izidi kwa karibu nusu milimita. Mwanya mwembamba hutanuliwa kwa msasa uliobandikwa kwenye kibao. Mwanya mpana hupunguzwa kwa kuijenga kingo kwa kijazio chenye nyuzi, kamwe si kwa pati laini, kwa sababu kingo ya mlango ndiyo inayogongwa na ukuta wa gereji na vifungo vya mikanda. Kisha unakuja usawa. Mwanya unaweza kuwa sawasawa huku boneti imekaa juu kuliko digadi kwa milimita moja. Dawa ni kuifunga boneti na kusugua vyote viwili kwa pamoja, kibao kirefu kikivuka mwanya bila kutua, kana kwamba ni uso mmoja. Anayepanga kupaka ile michirizi miwili myeupe inayopita katikati ya gari la buluu ajue kwamba michirizi ni mpelelezi: boneti ikiwa imehama kidogo kwenda kushoto, mstari utavunjika pale mwanya ulipo, na kila atakayesimama mbele ya gari atauona.

Ninajua pingamizi linalokuja, na lina uzito. Huku ni kufanya kazi mara mbili: kuunda, kuvua, kupaka, kuunda tena. Ni kweli. Ila kazi hizo mbili hazilingani. Mara ya kwanza mtu anagundua. Mara ya pili anarudisha. Kitu kilichokwisha kufungwa mara moja kina matundu yake, urefu wa bolti zake unajulikana, na anayekifunga hatafuti tena njia huku bisibisi ikiteleza juu ya rangi mpya. Bodi yenyewe hushikiliwa na bolti chache tu, na watu wawili hadi wanne huinyanyua. Pingamizi la pili ni la uchafu: gari linaloendeshwa bila rangi hukusanya mafuta, lami na vijiwe. Nalo ni kweli, na linataka nidhamu, hasa kutotumia kabisa vipulizo vyenye silikoni kwenye tairi, mipira au bawaba, kwa maana silikoni ni adui wa rangi kuliko hata nta. Hata hivyo alama ya kijiwe kwenye jelikoti hujazwa kwa dakika tano. Pingamizi la tatu linasemwa kwa utani lakini ndilo lenye ukweli mwingi: gari likishaonja barabara, mwenyewe hatalivua tena, litabaki la kijivu miaka nenda rudi. Hili sina jibu lake la kifundi. Ninachoweza kusema ni kwamba gari la kijivu linalotembea ni hasara ndogo kuliko gari jekundu linalosubiri injini.

Mafundi rangi nao wana la kusema. Wengi hupenda waletewe bodi tupu juu ya fremu ya mbao, ili wafike chini ya madigadi na ndani ya kingo bila kupambana na matairi na nyaya. Hawajakosea, ila wanazungumzia kupuliza, na mimi nazungumzia kuandaa. Bodi ya faiba ikiwa peke yake hulegea na kujipinda kidogo. Ukisawazisha mianya ikiwa juu ya fremu ya mbao, umeisawazisha na fremu ya mbao. Bodi iandaliwe juu ya chesisi yake, halafu ivuliwe ipulizwe. Tahadhari ipo kwa rangi za metaliki, ambazo chembe zake za alumini hulala kwa namna inayotegemea jinsi kipande kilivyosimama na jinsi rangi ilivyopulizwa. Mlango uliolazwa mezani na bodi iliyosimama, hata rangi ikitoka kopo moja, vinaweza kuonekana rangi mbili tofauti vikikutana. Vipande vipulizwe vikiwa vimening'inizwa katika mkao wake wa kawaida.

Sasa msasa. Nimeuweka nyuma makusudi, kwa sababu wengi hudhani ndio kazi yote, na kwa sababu namba zake zinaeleza kwa nini rangi haifichi kitu. Rangi ya msingi ikikauka huwa na unene wa mikroni 15 hadi 25. Klia, lile tabaka angavu linaloleta mng'aro, huongeza kama 50. Jumla yake inakaribia unene wa unywele mmoja. Chembe ya msasa wa namba 80 ina wastani wa mikroni 200, ya namba 180 kama 80, ya namba 400 kama 35. Kwa maneno mengine, rangi yote mtu anayoilipia haifiki hata nusu ya chembe moja ya msasa uliotumika kuinyoosha bodi, na anayetegemea kwamba rangi itajaza mikwaruzo hajatazama hesabu. Kinachojaza ni praima nzito ya poliesta, inayopulizwa kwa wingi na ambayo ni ya ukoo mmoja wa kikemia na jelikoti iliyo chini yake. Juu ya praima hupulizwa ukungu mwepesi wa rangi nyeusi, kisha bodi husuguliwa kwa kibao kirefu kinachopinda kufuata mviringo, kwa mshazari, upande huu kisha upande ule. Penye mwinuko weusi hutoweka upesi. Penye bonde hubaki. Huo weusi uliobaki ni ramani, na hauna upendeleo. Kidole hakitumiki kusugua, maana kidole huchimba mfereji wake. Mafundi wazuri hupitisha kiganja juu ya kitambaa laini huku wamefumba macho, kwa sababu kiganja huhisi wimbi ambalo jicho, juu ya praima isiyong'aa, haliwezi kuliona. Kutoka 80 hadi 180, hadi 320, hadi 400 au 600, kila hatua ina kazi moja tu, kuondoa mikwaruzo ya iliyotangulia. Anayeruka hatua ataikuta mikwaruzo ikimsubiri chini ya klia, wiki chache baadaye, praima ikishasinyaa.

Wapo watakaouliza kwa nini kujisumbua hivi wakati kuna seti zinazokuja na jelikoti ya rangi tayari. Uingereza, ambako utamaduni wa magari ya kujiundia ulipata nguvu na Lotus Seven ya mwaka 1957, iliyouzwa vipande ili mnunuzi akwepe kodi ya mauzo, seti nyingi hutolewa hivyo na wenye nazo wameridhika. Kwa gari lenye pua na mabawa madogo ya faiba ni uamuzi wa akili sana. Kwa Cobra haifai, kwa sababu ileile ya mshono: ukiufungua umeshaiondoa jelikoti, na kipande kilichojazwa hakitafanana na kilichobaki. Wengine husema Cobra za asili zenyewe hazikuwa kamilifu, bodi zake za alumini ziliundwa kwa mikono na hazikulingana kushoto na kulia. Hapa nakubaliana nao kwa nusu. Kuhangaika ili digadi la kushoto lilingane na la kulia hadi milimita ya mwisho ni kupoteza majira, kwani hakuna binadamu awezaye kuona pande zote mbili za gari kwa wakati mmoja. Mwanya uliopinda na ubavu wenye mawimbi huonekana kwa mtazamo mmoja, na huko ndiko jasho liende.

Limebaki swali la nani apulize. Kuandaa ni kazi ya saa nyingi na vifaa vya bei nafuu, kwa hiyo inamfaa mwenye gari. Kupuliza ni kazi ya saa chache na vifaa ghali: kompresa yenye hewa kavu, chumba kisicho na vumbi, mwanga, na zaidi ya yote kinga ya mapafu. Klia za kisasa zenye hadina huwa na isosayanati, kemikali zinazohesabiwa miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu inayotokana na kazi, na aliyekwisha kupata mzio wake huweza kushikwa na dozi ndogo sana. Barakoa ya karatasi haizuii chochote hapo. Mafundi wenye utaratibu huvaa kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Vumbi la faiba nalo linataka barakoa, miwani na nguo za mikono mirefu, ila hilo mtu wa nyumbani analimudu. Ninapendekeza mpaka wa kazi uwe kwenye praima: mwenye gari aandae mpaka hapo, fundi aendelee. Kuna sharti moja ambalo hugunduliwa kwa kuchelewa. Mafundi wengi hawatatoa dhamana ya rangi iliyopulizwa juu ya praima ya mtu mwingine, na kampuni za rangi huandika wazi praima ipi inakubaliana na rangi ipi. Kwa hiyo fundi atafutwe kabla ya kipande cha kwanza cha msasa kununuliwa, aulizwe anatumia rangi ya kampuni gani, anataka uso ufikie namba ngapi ya msasa, na mwanya ukigusa baada ya gari kurudishwa mahali pake nani atalipa.